Biglikani, TLR4 na shaka ya endotoksini: matriksi ya nje ya seli inavyoamsha kinga ya asili

Swali la msomaji: "Nasoma shahada ya uzamili ya baiolojia ya molekuli. Makala nyingi zinasema protini za matriksi ya nje ya seli (mtandao wa protini na sukari unaozizunguka seli), hasa biglikani na tenasini-C, zinaweza kuwasha inflamesheni hata pasipo kijidudu chochote. Sielewi: protini zinazozunguka seli zetu siku zote zinageukaje kuwa ishara ya hatari? Pia, tulichukua makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) zilizokuzwa kutoka uboho wa panya, tukaziwekea biglikani ya kununua iliyotengenezwa ndani ya bakteria E. coli, mikrogramu 5 kwa mililita. TNF ilipanda sana, lakini IL-1β haikuonekana kabisa (zote mbili ni protini za ujumbe zinazochochea inflamesheni). Tulipoichemsha biglikani kwa nusu saa, TNF ilishuka kidogo tu. Msimamizi wangu anasema huo ni uchafu wa bakteria. Je, tuna matokeo au hatuna?"

Ndugu msomaji, nianze na la mwisho, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Kwa maelezo uliyotoa, hamna matokeo ya biglikani. Mna matokeo ya endotoksini, sumu inayotoka kwenye ukuta wa bakteria. Msimamizi wako yuko sahihi kuhusu kichupa chenu. Lakini akiendelea na kusema kwamba habari nzima ya matriksi kuamsha kinga ni uchafu wa bakteria, hapo atakuwa amevuka mpaka. Uniruhusu nieleze kwanza jambo lenyewe, kwa sababu bila hilo namba zenu haziwezi kusomeka vizuri, kisha tuingie maabara.

Kinga ya asili haina muda wa kujifunza sura ya kila adui. Inatumia vipokezi vichache ilivyozaliwa navyo. Mwaka 1989 Charles Janeway alipendekeza kwamba vipokezi hivyo vinatambua maumbo ya kijumla ya vijidudu, yale ambayo mwili hauna. Mwaka 1994 Polly Matzinger akaja na hoja nyingine: kinachoamsha kinga si ugeni, ni madhara. Seli ikipasuka au tishu ikichanika, vitu vya mwili wenyewe vinaweza kutoa tahadhari. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler likaonyesha kwamba panya wa ukoo wa C3H/HeJ, wanaojulikana kwa kutoitikia lipopolisakaridi (LPS, yaani endotoksini ya bakteria), wana kasoro kwenye jeni ya TLR4, kimojawapo cha vipokezi hivyo: asidi amino ya 712 imegeuka kutoka prolini kuwa histidini. Tangu hapo TLR4 ikawa kipokezi cha LPS bila ubishi, na muda si mrefu orodha ya vitu vya mwili vinavyodaiwa kuigusa TLR4 hiyohiyo ikaanza kurefuka. Protini za matriksi zina nafasi kubwa kwenye orodha hiyo.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: kinachobadilika ni hali ya protini. Protini ile ile iliyofungwa kwenye kolajeni haisemi kitu. Ikifunguliwa, ikikatwa, au ikitengenezwa upya mahali ambapo kwa kawaida haipo, inasomeka kama taarifa ya jeraha. Hizo ndizo njia tatu, na kila moja ina mfano wake mzuri.

Biglikani ni mfano wa kufunguliwa. Ni proteoglikani ndogo yenye kiini cha protini cha takriban kilodaltoni 42, na juu yake imeshika minyororo miwili ya sukari, kondroitini salfeti au dermatani salfeti. Katika tishu tulivu inakaa imeshikana na nyuzi za kolajeni na haiwafikii walinzi. Tishu ikiumia, vimeng'enya vinavyokata protini, vikiwemo vya familia ya MMP, vinaiachilia ikielea. Kuna chanzo cha pili ambacho wengi husahau: makrofaji zikishaamshwa hutengeneza biglikani yao wenyewe na kuimwaga moja kwa moja ikiwa imeyeyuka. Hii haijawahi kufungwa popote.

Biglikani iliyoyeyuka hushika TLR4 na ndugu yake TLR2 kwa pamoja, ikisaidiwa na CD14, molekuli iliyo juu ya utando wa seli. Kutoka hapo njia ni ile ile unayoijua kwenye vitabu, protini moja ndani ya seli ikiiamsha nyingine: MyD88 huita IRAK4, zamu inafika kwa TRAF6 na TAK1, kisha IKK hubandika fosfeti kwenye IκBα, nayo huvunjwa, na NF-κB, protini inayowasha jeni, iliyokuwa imezuiwa huingia kwenye kiini cha seli. Ukifuatilia kwa saa, IκBα hupotea ndani ya dakika 15 hadi 30 na huanza kurudi kufikia saa moja, kwa sababu jeni yake nayo huwashwa na NF-κB. Matunda yake ni TNF, IL-6, na kemokini kama CXCL1 na CCL2 zinazovuta nyutrofili na monosaiti. Tawi la pili la TLR4, linalopita TRIF, hutoa CCL5.

Sasa tazama kwa makini suala la IL-1β, kwa kuwa hapo ndipo kichupa chenu kinapojisaliti. TLR peke yake huzalisha IL-1β changa tu, ya kilodaltoni 31, inayobaki ndani ya seli bila kazi. Ili itoke, inahitajika ishara ya pili: kwa kawaida ATP inagusa kipokezi cha P2X7, potasiamu inamwagika nje ya seli, inamasomu ya NLRP3 (mtambo wa protini ndani ya seli) inajikusanya, kaspezi-1 inaamka na kuikata IL-1β changa kuwa ile komavu ya kilodaltoni 17. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba biglikani inazigusa TLR na vipokezi vya P2X kwa wakati mmoja, kwa hiyo inatoa ishara zote mbili bila kuongezewa ATP. LPS haiwezi hilo kwenye makrofaji za panya. Shikilia hapo.

Ajabu nyingine ya biglikani ni kwamba haiwashi tu. Ikipitia TLR4 ikiwa na CD14, inachochea. Ikipitia TLR4 hiyohiyo ikiwa na CD44, inaamsha otofaji (seli kuvunja na kusafisha sehemu zake yenyewe) ndani ya makrofaji na kusaidia kutuliza. Hilo limeonekana kwenye figo zilizokatiwa damu kisha zikarudishiwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "biglikani ni ya uchochezi", muulize: kwenye seli gani, saa ngapi baada ya jeraha, na msaidizi yupi yupo juu ya utando.

Tenasini-C ni mfano wa protini inayotengenezwa upya. Tishu ya mtu mzima iliyo salama ina kiasi kidogo sana. Jeraha likitokea, hupanda haraka, kisha hupungua jeraha likipona. Pale ambapo haishuki, kama ndani ya utando wa kiungo chenye baridi yabisi, ndipo tatizo linapokaa. Protini hii ni kubwa, mikono sita iliyounganishwa katikati, na ncha ya kila mkono ina tufe dogo linalofanana na sehemu ya fibrinojeni, huitwa FBG. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba tufe hilo pekee linatosha kuamsha TLR4 kwenye makrofaji na fibroblasti za kiungo. Panya wasio na jeni ya tenasini-C walipata uvimbe wa kiungo mwanzoni kama wenzao, lakini ukapoa mapema na haukula mfupa. Tofauti hiyo ni muhimu: tenasini-C haionekani kuwa ndiyo inayoanzisha moto, bali inayouzuia kuzimika.

Hapa wanafunzi wengi huuliza: TLR4 inaishikaje protini kubwa hivyo, wakati kila mchoro unaonyesha inashika mafuta? Swali zuri. LPS haigusi TLR4 peke yake. Lipidi A yake huingia kwenye mfuko wa MD-2, molekuli iliyoshikana na TLR4. Lipidi A ya E. coli ina mikia sita ya mafuta: mitano huzama ndani ya mfuko, wa sita hubaki juu na kugusa TLR4 ya pili, na hivyo vipokezi viwili hukutana. Tufe la FBG haliwezi kuzama kwenye mfuko ule. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba linashika TLR4 kwa ukingo wenye chaji chanya, halihitaji CD14, na majibu yanayotoka ndani ya seli hayalingani moja kwa moja na ya LPS. Mfumo wa jeni zinazowashwa ni tofauti, hata kama TNF inapanda kwa zote mbili. Ndiyo maana kupima TNF peke yake hakukuambii nani aliyegonga mlango.

Fibronektini iko katikati. Ile inayotengenezwa na ini, inayozunguka kwenye damu kwa takriban mikrogramu 300 kwa mililita, haina kipande kiitwacho EDA. Fibroblasti kwenye jeraha hukata na kuunga mRNA kwa namna nyingine na kuingiza EDA, moduli ya asidi amino kama 90. Ni hiyo EDA iliyoripotiwa mwaka 2001 kuamsha TLR4. Jeni ni moja, lakini bidhaa ya ini na ya jeraha hazisomeki sawa.

Kukatwa ndiyo njia ninayoiona nzuri kuliko zote kimaumbile. Chukua agrekani ya gegedu. MMP huikata kati ya asidi amino ya 341 na 342. ADAMTS-4 na ADAMTS-5 huikata kati ya 373 na 374. Vimeng'enya vya aina zote mbili vikifanya kazi kwenye molekuli moja, kinachotoka katikati ni kipande cha asidi amino 32, na kipande hicho kinaamsha TLR2 kwenye kondrosaiti (seli za gegedu) na makrofaji. Agrekani nzima haifanyi hivyo. Kolajeni nayo ina kisa chake: MMP-8 na MMP-9 huikatakata, kisha kimeng'enya cha prolili endopeptidezi huchomoa kipande cha asidi amino tatu tu, prolini-glisini-prolini. Kipande hicho kidogo hakigusi TLR kabisa. Kinafanana vya kutosha na sehemu ya kemokini hata kikaamsha CXCR1 na CXCR2 na kuvuta nyutrofili. Nyutrofili zikifika zinamwaga MMP-8 na MMP-9 zaidi. Kwa kawaida kimeng'enya cha LTA4H hukisafisha kipande hicho, na moshi wa sigara huizuia kazi hiyo ya LTA4H, jambo linaloeleza kwa nini mapafu ya mvutaji yanaweza kubaki na nyutrofili bila maambukizi.

Kuhusu hayaluronani nitasema kidogo tu, kwanza kwa sababu si protini, ni mnyororo wa sukari. Inasemwa kwamba ndefu, yenye zaidi ya daltoni milioni moja, hutuliza, na vipande vifupi huchochea kupitia TLR2, TLR4 na CD44. Lakini mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyotumia hayaluronani isiyo na endotoksini, ndefu na fupi, na seli za dendritiki na makrofaji hazikutoa TNF. Usiitumie kama kontroli chanya kwenye maabara yenu.

Na kabla hujadhani matriksi ni ya kuchochea tu, kumbuka LAIR-1. Kipokezi hiki kipo kwenye seli nyingi za kinga, kinashika kolajeni nzima, na kazi yake ni kufunga breki. Tishu yenye kolajeni isiyoguswa inawaambia walinzi watulie. Ikivunjwa, unapata hasara mara mbili: vipande vinavyochochea vinaongezeka na breki inapungua.

Haya, tuingie kwenye kichupa chenu.

Tazama cheti kilichokuja na protini. Biglikani za E. coli mara nyingi huuzwa na maneno "endotoksini chini ya EU 1 kwa mikrogramu". Linasikika kama safi. Fanya hesabu: EU 1, yaani kizio kimoja cha endotoksini, ni takriban pikogramu 100 za LPS ya E. coli. Mmeweka mikrogramu 5 kwa mililita, kwa hiyo mnaruhusiwa na cheti hicho kuwa na hadi EU 5 kwa mililita, yaani pikogramu 500. Makrofaji za panya, na monosaiti za binadamu hata zaidi, huanza kuitikia kwenye makumi ya pikogramu kwa mililita. Cheti ni cha kweli na bado protini hiyo inaweza kuwasha TNF yote mliyoiona peke yake. Mimi nisingeweka kwenye seli za kinga kitu chochote ambacho kipimo chake cha mwisho, ndani ya kisima, kinazidi EU 0.05 kwa mililita.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, na hata usafishaji hautalitatua. E. coli haiwezi kuijengea biglikani minyororo yake ya kondroitini salfeti. Kinachouzwa ni kiini cha protini kitupu, mara nyingi kilichokunjuliwa kwa urea au guanidini kisha kikarudishwa. Kazi zilizoonyesha biglikani ikiamsha TLR2 na TLR4 zilionyesha pia kwamba kiini na minyororo yake vinahitajika pamoja. Kwa maneno mengine, protini yenu haikupaswa kufanya kazi. Ilipofanya, hapo hapo ilitakiwa iwatie wasiwasi.

Kisha kuna ile kuchemsha. LPS inavumilia nyuzi 100 vizuri sana. Kuondoa LPS kwenye vyombo vya glasi kunahitaji joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30, na hata otoklevu ya nyuzi 121 haitoshi. Vichujio vya mikromita 0.22 navyo huipitisha. Nguvu iliyobaki baada ya kuchemsha inaashiria LPS. Kushuka kidogo mlikoona si ushahidi wa protini: LPS iliyochemshwa inaweza kung'ang'ania kuta za mrija wa plastiki. Lakini usiitegemee kuchemsha peke yake hata siku ingewapa jibu mnalolipenda, kwa sababu protini ndogo zenye madaraja ya salfa zinaweza kujikunja tena zikipoa. Tumia proteinezi K pia: protini ikatwe kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 37 au zaidi, kisha nyuzi 95 kwa dakika 10 hadi 15 ili proteinezi yenyewe ife kabla ya kugusa seli. Weka mrija wa pembeni wenye LPS na proteinezi K, upitie hatua zile zile. Nguvu ikibaki kwenye mrija wa LPS na kutoweka kwenye mrija wa biglikani, una hoja.

Na IL-1β yenu haikuonekana. Makrofaji za panya zikipewa LPS bila ATP hutoa TNF nyingi na IL-1β komavu karibu hakuna. Ndivyo hasa mlivyoona. Biglikani ya kweli ilitakiwa kutoa kiasi fulani bila msaada. (Kama mngetumia monosaiti za binadamu hoja hii ingedhoofika, kwa sababu hizo hutoa IL-1β kwa LPS peke yake.) Kwa hiyo dalili zenu tatu zinaelekea upande mmoja.

Usikimbilie polimiksini B kama mwokozi. Inashika lipidi A vizuri kwa mikrogramu 10 hadi 50 kwa mililita, ila LPS iliyofunikwa na protini inaweza kuikwepa, na haifanyi chochote kwa lipoprotini za bakteria, ambazo huamsha TLR2. Hapa kuna mtego ambao nauona ukiwanasa hata wenye uzoefu: biglikani inadaiwa kutumia TLR2 na TLR4, na uchafu wa E. coli, yaani lipoprotini pamoja na LPS, hutumia TLR2 na TLR4 vilevile. Mtu anachukua makrofaji zisizo na TLR4, nguvu inashuka. Anachukua zisizo na TLR2, inashuka tena. Anaandika kwamba amethibitisha vipokezi vya biglikani. Amethibitisha vipokezi vya bakteria. Panya wa C3H/HeJ nao wana mtego huo huo. Majaribio ya vipokezi yana maana baada ya usafi kuthibitishwa, si kabla. Protini za mshtuko wa joto zilipita njia hiyo: mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba TNF iliyodhaniwa kuletwa na HSP70 rekombinanti ilitokana na LPS iliyokuwa imeichafua.

Mngeanza upya, ningefanya hivi. Biglikani itengenezwe na seli za mamalia, HEK293 zinatosha, ivunwe kwenye majimaji ya seli bila kuichemsha wala kuipitisha kwenye guanidini. Itenganishwe kwa safu ya kubadilishana anayoni: minyororo ya sukari ina chaji hasi nyingi, hivyo biglikani kamili hutoka kwa chumvi nyingi zaidi kuliko kiini kitupu. Jihadhari, LPS nayo ina chaji hasi na inaweza kutoka kwenye sehemu ileile, kwa hiyo usafi uanze kwenye bafa na vyombo, si mwishoni. Kwenye jeli biglikani kamili huonekana kama mchirizi mpana juu ya kilodaltoni 100. Ukiitia kondroitinezi ABC, kimeng'enya kinachokata minyororo hiyo, mchirizi unaporomoka na kuwa mstari mmoja karibu na kilodaltoni 45. Usipouona mporomoko huo, huna biglikani kamili, na hakuna haja ya kuendelea.

Kipimo cha endotoksini kifanyike kwenye kila fungu la protini, si mara moja kwa mradi mzima. Kipimo cha kawaida, kiitwacho LAL, kinaweza kudanganywa na beta-glukani za ukungu, hivyo faktori C rekombinanti ni salama zaidi. Ongeza kiasi kinachojulikana cha endotoksini ndani ya sampuli na uone kama unakipata: ikirudi kati ya asilimia 50 na 200, kipimo kinafanya kazi, ikirudi chini ya hapo, protini inaificha LPS na namba yako ndogo haimaanishi usafi. Punguza sampuli kwa maji safi mara 10 au 100 na urudie. Ikiwa LPS ipo, Triton X-114 ya asilimia 1 hadi 2 husaidia: changanya kwenye nyuzi 4, pasha hadi 37 ili sabuni ijitenge chini na LPS ndani yake, zungusha kwenye mashine ya kuzungushia mirija, chukua majimaji ya juu, rudia mara mbili au tatu. Iondoe sabuni iliyobaki kwa shanga za kunyonyea, la sivyo makrofaji zitakufa na utaita kifo hicho matokeo.

Kwenye seli, tumia dozi tatu au nne kati ya mikrogramu 1 na 10 kwa mililita, na kando yake kisima chenye LPS kwa kiasi kilekile mlichokipima kwenye protini. Kisima hicho ndicho chenye thamani kuliko vyote. Kama protini ina pikogramu 3 na pikogramu 3 za LPS hazifanyi kitu, msimamizi wako atanyamaza. Weka pia kisima cha bafa iliyopita hatua zote za usafishaji bila protini. Kumbuka kwamba seramu ndani ya majimaji ya seli ina LBP na CD14, vitu vinavyoongeza usikivu kwa LPS kidogo, na ina fibronektini inayoganda kwenye plastiki. Chagua kiwango kimoja cha seramu na ukishike mwanzo hadi mwisho. Pima mRNA ya TNF saa 1 hadi 2, protini ya TNF saa 4 hadi 6, IL-6 baada ya saa 16 hadi 24.

Kuondoa minyororo kwa kondroitinezi ABC ni kontroli nzuri ya kazi pia: nguvu ikipotea, ushahidi ni mzito. Ila kimeng'enya hicho chenyewe hutolewa kwenye bakteria, Proteus vulgaris, na kinaweza kuingiza LPS yake. Kipime, na uweke kisima chenye kimeng'enya peke yake.

Kwa nini basi mimi naamini kwamba biglikani ni ishara ya kweli, licha ya haya yote? Kwa sababu ushahidi wenye nguvu zaidi haukutegemea kichupa. Katika kazi ya mwaka 2005, panya wasio na jeni ya biglikani waliopewa sepsisi walinusurika zaidi, TNF yao ikiwa chini na seli chache zikiingia kwenye mapafu. Hapo hapakuwa na protini ya kusafishwa. Tofauti pekee kati ya makundi ilikuwa jeni. Vivyo hivyo panya wasio na tenasini-C. Ukisoma makala mpya katika eneo hili, nenda kwanza kwenye sehemu ya mbinu, tafuta chanzo cha protini na kipimo cha endotoksini kwa mililita ndani ya kisima, kisha tafuta kama kuna mnyama aliyeondolewa jeni ya protini hiyo. Kukikosekana vyote viwili, michoro iliyobaki unaweza kuisoma wakati mwingine.

Data mliyo nayo isitupwe, iwekeni kama jaribio la LPS ya dozi ndogo, mtaihitaji kwa kulinganisha. Na mkipata biglikani safi yenye minyororo, jaribio la kwanza liwe la IL-1β bila ATP, si la TNF. Pima majimaji ya nje kwa ELISA, na kwa sababu ELISA nyingi hushika pia IL-1β changa iliyovuja kutoka seli zilizokufa, thibitisha kwa Western blot kwamba mstari ni wa kilodaltoni 17, na pima LDH kuona kiwango cha vifo. Mstari huo ukionekana kwa biglikani kamili, ukakosekana kwa LPS ya kiasi kilekile, ukapotea baada ya kondroitinezi, na ukapotea kwenye makrofaji zisizo na NLRP3, hapo mna matokeo.